Ukurasa wa Pili

Mtaa wa Imehela, Njombe
14 Machi 1993

Binti Fidelia,

Kamwene, mwanangu. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa konda wa basi la Alhamisi. Nimeisoma mara mbili kabla ya kumsomea Mama Danford. Sisi tu wazima, viazi vimekubali mwaka huu, baridi ndiyo inaanza kutuchungulia. Mama Danford anasema umekaa kimya miaka mingi mpaka akadhani umevuka mpaka kwenda Zambia.

Unaomba mambo mawili: wewe urudi kundini, na mtoto wako Peace abatizwe. Yote mawili nayafurahia. Ila wewe si mgeni wa taratibu zetu. Ulitengwa mwaka 1984 kwa kupata mimba nje ya ndoa na kukataa kumtaja mwanamume mbele ya wazee wa kanisa. Mimi mwinjilisti wako ndiye niliyelisoma jina lako ibadani. Mtoto wa aliyetengwa hubatizwa mama yake akisharudi, na mama hurudi akishatubu na kumtaja mwenzake, ili naye aitwe atubu. Hilo liko palepale. Siku hizi huko mjini kila kitu ruksa, lakini huku kwetu bado hatujafika huko.

Kwa kuwa huwezi kufunga kibanda chako cha chakula, na mtoto moyo wake ni mgonjwa, wazee wamekubali nikufundishe kwa barua. Nimechagua sifa za Mungu. Watu wanadhani ufuasi ni kuhudhuria ibada na kutoa sadaka. Mimi nasema ni kumjua unayemfuata, halafu kuacha tabia zake zikusumbue mpaka uanze kufanana naye kidogo.

Somo la kwanza: Mungu anajua yote. Hakuna chumba chenye pazia mbele zake. Mfuasi wake ni mtu anayeishi akijua kwamba anaonekana, hata akiwa peke yake shambani. Jiulize kama unaishi hivyo, kisha uniandikie unachokificha.

Mwinjilisti wako,
Yoeli Mlowe


Makambako
27 Machi 1993

Mwinjilisti,

Shikamoo. Mpe shikamoo Mama Danford pia, na umwambie Zambia sijafika, ila Zambia yenyewe inakuja kula kwangu. Malori yanasimama hapa stendi mchana kutwa, na madereva wanadai ugali kama watu waliotoka jela. Samahani karatasi inanuka vitunguu.

Idi ilikuwa juzi. Mwanaheri, mama wa Kitanga anayenipangisha kibanda, ametuletea sinia la pilau na gauni la mtumba la Peace, la rangi ya waridi, lina vifungo vyote. Yeye ndiye anayemwangalia mtoto nikiwa jikoni. Anajua dawa zake kuliko mimi. Peace ana miaka minane sasa. Akipanda hata kilima kidogo, midomo inageuka bluu na anachuchumaa njiani mpaka pumzi irudi. Daktari anasema alizaliwa na kasoro ya moyo na hapa kwetu hakuna wa kuitengeneza.

Sasa somo lako. Unaniuliza kama ninaishi kama mtu anayeonekana. Mwinjilisti, mimi nimeonekana vya kutosha. Siku uliposoma jina langu, sauti yako ilifika mpaka kwenye mashamba ya miti ya miwati, na mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu na tumbo langu. Kwa hiyo kusikia kwamba Mungu anajua yote hakunitishi, kunanipumzisha. Ni yeye peke yake nisiyehitaji kumweleza. Anajua nilimpenda nani, na niliahidiwa nini, na kwa nini nilifunga mdomo. Yeye anayejua hajawahi kuniuliza jina. Mnaoniuliza ni ninyi.

Usinikasirikie. Ninayataka haya masomo, nayasoma nikisubiri maharage. Lakini Peace ndiye anayenisukuma. Kwenye Shule ya Jumapili mwalimu ameandika daftari la waliobatizwa, na yeye hayumo. Juzi ameniuliza, mama, kama sijabatizwa Mungu ananiitaje? Nikamwambia ale kwanza.

Wako katika kujifunza,
Fidelia Mgaya


Imehela
18 Aprili 1993

Binti Fidelia,

Pasaka tumeiadhimisha salama, watu wamejaa mpaka nje. Maneno yako yana ujeuri kidogo, lakini yamenikalia, siwezi kukudanganya. Unasema ulikuwa benchi la tatu. Najua. Mimi pia sikula siku ile. Nilikubatiza mwenyewe ukiwa mtoto wa mgongoni, na kulisoma jina lako lilikuwa jambo gumu kuliko mazishi mengi niliyoendesha. Lakini nililisoma, kwa sababu ya hili ninalotaka kukufundisha leo.

Somo la pili: Mungu ni mwenye haki, tena habadiliki. Hana mtoto wake na mtoto wa jirani. Leo akikataza, kesho hakonyezi. Sisi tunaomfuata tunajaribiwa hapo kila siku, maana ni rahisi kuwa mkali kwa binti wa mtu na mpole kwa wa kwako. Mimi nimejitahidi nisiwe hivyo.

Nitakupa mfano wa mwanangu Danford, kwa kuwa mlikaa naye darasa moja la kipaimara. Unajua alivyokuwa. Tangu utoto sikuwahi kumkuta na uongo. Akivunja mtungi alikuja kusema kabla hajaulizwa. Alikuwa amebakiza miezi michache amalize chuo cha Biblia, homa ya uti wa mgongo ikamchukua, mwaka 1986. Hadi leo nikichoka katika kazi hii, namkumbuka yeye, naona kwamba inawezekana kijana kumfuata Bwana bila doa. Ndiye aliyenibakiza katika imani nilipomzika, kama hilo linaeleweka.

Basi fanya alivyofanya. Njoo useme jina mbele ya wazee, na huyo mtu, popote alipo, abebe sehemu yake. Ndipo nitamwaga maji juu ya mtoto kwa furaha.

Mama Danford anakutumia debe la viazi. Sijui kwa nini anakuhangaikia hivyo, nikimuuliza anatoka nje.

Mwinjilisti wako,
Yoeli Mlowe


Wodi ya watoto, Makambako
9 Mei 1993

Mwinjilisti,

Shikamoo. Naandikia magotini. Peace amelazwa tangu Jumanne. Miguu imevimba, hawezi kulala chali, anakaa akiniegemea usiku na mchana. Mwanaheri amefunga duka lake ili tupokezane. Daktari amenitoa nje na kuniambia kwa upole kwamba ni siku, sio miezi.

Mchungaji anayezunguka wodi ni mtu mwema. Nilimwambia ukweli kwamba nimetengwa, naye akasema atambatiza mara moja nikipata barua fupi kutoka mtaa wangu wa kanisa, hata mistari miwili. Kwa hiyo leo sijibu somo. Naomba hiyo mistari miwili. Mpe konda wa basi la Jumamosi, nitatuma mtu aipokee stendi. Nisamehe kwa haraka. Mungu wako habadiliki, lakini mtoto wangu anabadilika kila saa.

Mlitaka jina. Naliandika ukurasa unaofuata, uusome ukiwa peke yako.

(ukurasa wa pili)

Baba yake Peace ni Danford wako.

Ulipoandika kwamba hakuwahi kusema uongo, nilicheka, kisha nikalia mpaka Mwanaheri akadhani nimeletewa habari za msiba. Sisemi haya kumchafua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wako. Aliniomba nikae kimya mpaka amalize chuo, kwamba atakuambia kwa mdomo wake, kisha tufunge ndoa. Nikakubali, nikasimama mbele yenu nikakataa kusema, na yeye alikuwa kwenye kwaya, mstari wa nyuma. Alimwona Peace mara moja tu, akiwa na miezi minne. Alimshika kama mtu aliyeshika bakuli limejaa uji wa moto. Jina Peace ni yeye aliyelitoa. Kisha akafa, na mimi nikasema, mtu aliyezikwa kwa heshima hivyo, mimi ni nani niende kumfukua?

Sikuombi ulisome ibadani. Lijue wewe tu. Ukija kuulizwa mjukuu wako alibatizwa kwa ruhusa ya nani, useme ni wewe uliyeruhusu. Mimi unaweza kuniacha nje ya kundi mpaka nife, sitalalamika tena.

Fidelia


Imehela
6 Juni 1993

Binti Fidelia,

Salamu katika Bwana. Barua yako imenifikia kwa kuchelewa sana, unajua posta zetu. Tena imefika ikiwa na ukurasa mmoja tu. Unataja ukurasa wa pili, lakini humu haumo, labda umedondoka njiani. Kwa hiyo jina bado sijalipata, na bila jina mikono yangu imefungwa. Litume upya ikiwezekana, au bora zaidi uje ulitaje mwenyewe mbele ya wazee mtoto akipata nafuu.

Tunamwombea. Somo la tatu ni uaminifu wa Mungu. Asemalo hulitenda, na hasemi asilolimaanisha. Mfuasi wake naye neno lake liwe hivyo. Nitaandika kwa kirefu wakati mwingine, leo mkono unauma.

Mwinjilisti,
Y. Mlowe


Makambako
15 Juni 1993

Mwinjilisti,

Peace amefariki Jumamosi ya tarehe 29 Mei, saa nne asubuhi. Barua yako imenikuta nimeshaanika nguo zake.

Konda wa Jumamosi ya kwanza alikuja mikono mitupu, na wa pili, na wa tatu. Ile Jumamosi ya tatu Mwanaheri ndiye aliyekwenda stendi kumngoja. Alipokuwa huko, Peace alianza kupumua vibaya. Nesi akaniangalia, nikaelewa. Mchungaji alikuwa amesafiri. Mimi sikujua kama inaruhusiwa, kipaimara chetu ulitufundisha ubatizo lakini hilo sikumbuki kama ulilisema. Nilichukua kikombe cha plastiki cha maji ya kunywa, nikamwagia kidogo kichwani mara tatu, nikataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu kama nilivyokusikia wewe ukitaja. Nesi alishuhudia. Peace aliuliza, ndiyo tayari? Nikamwambia tayari. Akasema maji ni ya baridi. Hakusema kitu kingine.

Tulimzika hapa Makambako, kwa kuwa huko kwetu angezikwa kama asiye wa kanisa, na hapa pia amezikwa hivyohivyo. Hakuna aliyekuja kusoma ibada. Shemeji zake Mwanaheri ndio waliochimba. Akina mama wa stendi waliimba nyimbo wanazozijua, kila mtu wa dhehebu lake, na Mwanaheri alisimama pembeni amefungua viganja vyake akiomba dua. Mimi sikuimba.

Nina maneno mawili nawe. La kwanza ni hili la ukurasa. Karatasi zile mbili nilizibana kwa pini kabla ya kuzitia kwenye bahasha. Posta haifungui pini, ikachukua karatasi moja na kufunga bahasha tena. Lakini kama unataka uwe umedondoka, basi umedondoka. Sitautuma upya. Baki na Danford wako.

La pili ni swali, na usinijibu kwa huruma. Maji yalikuwa ya kikombe, na mkono ulikuwa wa mtu mliyemtenga. Mungu mwenye haki, ambaye habadiliki, ameupokea ubatizo ule au hakuupokea? Silali kwa sababu ya hilo. Kifo chake nimeanza kukielewa, lakini hili silielewi.

Fidelia


Imehela
4 Julai 1993

Fidelia, mwanangu, kama bado unaniruhusu kukuita hivyo,

Naanza na swali lako, maana umengoja jibu. Ameupokea. Sikuambii kwa huruma. Taratibu ya kanisa letu inamruhusu Mkristo yeyote kubatiza penye hatari ya kufa, kwa maji yoyote safi, na mkono unaomwaga hauongezi wala haupunguzi, kwa kuwa anayebatiza ni Mungu mwenyewe. Peace ni wake. Mtoto wako amebatizwa sawa na ulivyobatizwa wewe. Hili nimelijua tangu nilipokuwa chuoni, miaka thelathini sasa. Ningekuandikia mstari mmoja usingeteseka hivi. Sikukuandikia.

Ukurasa wa pili ulifika. Ulifika tarehe 12 Mei, siku tatu tu baada ya wewe kuandika, posta haikukosa lolote. Pini niliifungua kwa vidole vyangu. Ukurasa wa kwanza niliuweka ndani ya Biblia, wa pili nikautia kwenye moto wa jikoni wakati Mama Danford amekwenda kisimani. Kwa siku kumi na saba mjukuu wangu alikuwa hai na mimi nilijua. Basi la Jumamosi lilipita hapa mlangoni mara tatu. Mara ya pili nilikuwa nimeandika ile mistari miwili, iko mfukoni, nikamwona konda akisimama. Nikafikiri, nikitoa barua hii nimekiri jina. Nikarudi ndani.

Nilikufundisha kwamba Mungu anajua yote, na mwenyewe nikamsingizia posta. Nilisema hana mtoto wake na mtoto wa jirani. Fidelia, sifa za Mungu nilizijua zote, lakini nilizigawa vibaya. Haki yake niliwapa ninyi, rehema nikamwekea mwanangu, na mimi nikajiwekea heshima, ambayo haimo hata katika orodha. Najiona mchafu. Nilidhani nampenda Danford, kumbe nilikuwa naipenda picha yake niliyoitundika ukutani. Yeye mwenyewe, mwoga wangu, sikumjua. Nilikuwa baba wa namna gani, hata mtoto wangu aogope kuniambia jambo kama hilo?

Nilimwambia Mama Danford siku barua yako ya msiba ilipofika. Hakushtuka. Alisema alijua tangu alipokutana na Peace mnadani Njombe akiwa na miaka mitatu, kwa jinsi alivyoshika muwa kwa mkono wa kushoto na kukunja uso kama Danford. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, wewe huambiwi, wewe unafundisha. Tangu siku hiyo hajazungumza nami, ananipakulia chakula na kukaa nje. Alhamisi iliyopita alifunga khanga zake akapanda basi la Makambako. Sijui kama amekufikia.

Leo nimesimama ibadani. Sikupanda madhabahuni, nilisimama chini, pale ulipokaa wewe. Nimesema jina la Danford kwa sauti ileile niliyosomea lako. Nimesema nilichofanya na barua yako. Nimewaomba wazee wanitenge, na wamefanya hivyo, ingawa mmoja alinivuta koti akisema marehemu amepumzika, tusimsumbue. Wewe wamekurudisha kundini bila kusimama mbele ya mtu. Nimeomba Peace aandikwe katika kitabu cha ubatizo. Wamemwandika, lakini nafasi ya jina la baba wameiacha wazi mpaka mkuu wa usharika aje, kisha wakakifungia kitabu kabatini. Kalamu sina tena mimi.

Sina somo la kukutumia. Naomba ruhusa ya kuja kuliona kaburi. Ukikataa nitaelewa.

Yoeli Mlowe


Makambako
12 Julai 1993

Baba Yoeli,

Mama amefika salama. Analala kwenye kitanda cha Peace, na asubuhi anamenya viazi kibandani bila kuombwa. Jana amemfundisha Mwanaheri kusalimia kwa lugha yetu, kamwene, wakacheka wote wawili, kisha wakalia.

Barua yako nimeisoma. Kuhusu ubatizo, asante, nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Kuhusu mengine, sijakusamehe. Usiniharakishe. Nimerudishwa kundini, na Jumapili nimekwenda Meza ya Bwana baada ya miaka tisa, nikapiga magoti nikijua kwamba Mungu huyo anayenipokea mimi anakupokea na wewe, na hilo likanikasirisha mpaka nikataka kuinuka. Sikuinuka. Ndipo nilipofika mimi na ufuasi wangu, sijafika mbali zaidi ya hapo.

Njoo na basi la Jumamosi. Usivae kola, na usije na hotuba. Makaburi yako nyuma ya reli, Mwanaheri atakuonyesha njia, mimi nitakuwa natangulia. Seremala anatengeneza msalaba wa mti wa mwati. Ameshachonga Peace, akaniuliza jina la baba aandike nini. Nimemwambia asubiri, babu wa mtoto anakuja kumtajia mwenyewe.

Fidelia